Bakuli Moja kwa Watu Watatu

Ndugu msomaji, nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mhakiki anayeficha ya kwake hana haki ya kufichua ya wenzake. Siku moja mimi na mshikaji wangu tuliingia katika hoteli moja ya mjini, jina naliacha. Mfukoni tulikuwa na hela ya sahani moja. Tukaagiza chipsi mayai moja na uma mbili. Mhudumu akatutazama kuanzia viatuni kwenda juu, kisha akapaza sauti ili jikoni wamsikie, na meza zote za jirani zimsikie: "Chipsi moja, hawa wanagawana!" Watu wakacheka. Chipsi zilikuwa za moto na chumvi yake ilikaa sawa, lakini ukiniuliza leo ladha yake, sikumbuki. Nakumbuka ile sauti tu.

Sauti hiyo imenirudia mwaka huu baada ya kukutana na kazi mbili za Wajapani, zote mbili zinazotokea ndani ya duka la tambi. Ya kwanza ni hadithi fupi ya Kuri Ryohei, ambayo jina lake kwa Kiswahili ningeliweka "Bakuli Moja la Kake Soba". Nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Ya pili ni filamu ya marehemu Itami Juzo iitwayo Tampopo, iliyotoka mwaka 1985. Hiyo nimeiangalia mara tatu kwenye kompyuta ya kuazima, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Kazi zote mbili zinauliza swali moja: mteja akishakaa mbele ya bakuli, mwenye duka ana deni gani kwake? Mimi naona swali hilo linatuhusu sana sisi tunaojifunza kuandika, maana msomaji naye ni mteja. Ameingia, amekaa, anasubiri. Tunampa nini?

Tuanze na hadithi.

Ni usiku wa tarehe 31 Desemba, mjini Sapporo, kaskazini kabisa mwa Japani kwenye baridi ya theluji. Wajapani wana desturi ya kula soba usiku huo wa kuamkia mwaka mpya. Soba ni tambi nyembamba za rangi ya kahawia, na wenyewe husema urefu wake ni ishara ya maisha marefu. Kake soba ndiyo ya bei ya chini: tambi, mchuzi wa moto, basi. Saa nne usiku imepita, duka linataka kufungwa. Anaingia mama na watoto wawili wa kiume. Kwa woga anauliza kama inawezekana kuagiza bakuli moja tu. Moja kwa watu watatu. Bei yake ni yeni 150.

Angalieni mwenye duka anachofanya. Hasemi neno. Anachukua fungu moja la tambi, anaongeza nusu, anachemsha vyote pamoja. Mama hajui. Watoto hawajui. Wanakula vichwa vyao vimegusana juu ya bakuli moja, wanalipa yeni 150, wanatoka, na mume na mke wanawaaga kwa sauti kubwa ya shukrani na heri ya mwaka mpya, ile ile wanayompa kila mteja.

Mwaka wa pili wanarudi, bakuli moja tena. Mke anamnong'oneza mumewe: tuwape tatu bwana, kwa bei ya moja. Mume anakataa. Akiwapa tatu, atawaaibisha. Anaongeza tena lile nusu fungu lake, kimya kimya.

Hapo, wapenzi wasomaji, niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Nimesoma riwaya nzima nzima kuhusu umaskini ambazo hazijawahi kusema kitu kizito kama hilo nusu fungu. Mwandishi ameelewa kwamba maskini ana njaa mbili, ya tumbo na ya heshima, na kwamba ukishibisha moja kwa kuiua nyingine hujamsaidia. Mabakuli matatu ya bure yangekuwa tangazo. Meza zote zingejua. Lile nusu fungu lilikuwa siri ya sufuria.

Mwaka wa tatu ndio unaonimaliza kabisa. Bei imepanda, sasa bakuli ni yeni 200. Kabla ile familia haijafika, mwenye duka anavigeuza vibao vya bei ukutani, vinasomeka tena 150. Na ile meza namba mbili, waliyozoea kukaa, imewekewa kibao cha kuonyesha kwamba ina wenyewe. Safari hii mama anaagiza mawili. Mwenye duka anatia tambi za watu watatu. Kisha wanasikia, bila kutaka kusikiliza, maongezi ya pale mezani: baba alikufa kwa ajali ya gari iliyojeruhi watu wengine, familia imekuwa ikilipa deni la majeruhi miaka yote hiyo, mtoto mkubwa anagawa magazeti, na deni sasa limekwisha. Mdogo aliandika insha shuleni kuhusu lile bakuli moja. Katika insha anasema ile sauti kubwa ya kuwaaga, yeye aliisikia kama inamwambia asishindwe, aishi.

Umeona? Sauti ya mhudumu! Mtoto hakukumbuka ladha, alikumbuka sauti. Kama mimi. Tofauti ni kwamba yake ilimsimamisha.

Basi mpaka hapo hadithi ni dhahabu. Sasa niseme panaponikwaza, maana ukurasa huu unaitwa wa uhakiki, hauitwi wa sifa.

Hadithi hii ilipata umaarufu wa ajabu Japani mwaka 1989. Ilisomwa redioni, ikachapwa magazetini, ikasomwa hata bungeni wakati nchi imetikiswa na kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit iliyowagusa wanasiasa wakubwa. Watu walilia. Mwaka 1992 ikatengenezewa filamu. Na ilisambazwa kama kisa cha kweli. Kisha wakatokea wenye kuuliza: kweli wapi? Duka liko wapi? Watoto ni akina nani? Mashaka yakaja juu, na wengi waliolia wakajiona wametapeliwa. Mchekeshaji maarufu wa televisheni, Tamori, akauliza swali la kuwakata watu maini: kwa yeni 150 za wakati ule, si mama angenunua tambi za pakiti tatu akachemsha nyumbani, kila mtu na yake?

Hesabu ya Tamori si ya mzaha. Tambi za pakiti zilibuniwa Japani na Ando Momofuku mwaka 1958, kwa hiyo katika miaka ya 1970 kila jiko lilizijua. Lakini nadhani amekosea duka. Yule mama hakutoka kwenda kununua shibe. Alitoka ili usiku mmoja katika mwaka watoto wake wakae mezani kama watu, waletewe, waambiwe karibu. Sisi wenyewe, mimi na mshikaji wangu, kwa hela ile ile tungeweza kununua viazi na mayai sokoni tukakaanga tukashiba wawili na kubakiza. Tuliingia hotelini kwa sababu tulitaka kukaa. Anayeona kwamba maskini anapaswa daima kufanya hesabu ya kilo, huyo hajawahi kutamani kiti.

Na hoja ya ukweli? Hapa nina ugomvi na pande zote mbili. Mwandishi hana dhambi akibuni, ndiyo kazi yake. Dhambi inaanza pale anapohitaji muhuri wa "kisa cha kweli" ili msomaji alie. Muhuri huo unasema: kama hulii kwa ajili ya sentensi zangu, lia basi kwa ajili ya watu halisi. Ni kumwekea msomaji kisu shingoni. Na hao waliolia kisha wakakasirika, nawauliza: lile nusu fungu limepungua uzito kwa sababu sufuria lilikuwa la kubuni? Kwangu halijapungua hata chembe.

Kosa lenyewe, kwa maoni yangu, liko mwishoni. Miaka inapita, familia haiji tena. Duka linapendezeshwa, linapata meza mpya, lakini ile meza namba mbili kuukuu inabakizwa, na watu wanaijia kwa sababu ya kisa chake. Baada ya miaka kumi na minne wanaingia vijana wawili waliovaa suti, na mama mwenye kimono. Wanaagiza mabakuli matatu. Kijana mkubwa amekuwa daktari. Mdogo, yule yule aliyesema katika insha kwamba atakuja kuwa muuza soba, anafanya kazi benki Kyoto.

Haya. Kwa nini daktari? Kwa nini benki? Je, kama mkubwa angekuwa bado anagawa magazeti, lile nusu fungu lingekuwa limepotea? Mwandishi ameogopa. Ameona wema lazima ulipwe, tena kwa fedha inayoonekana, suti na cheo. Sisi tunasema wema hauozi. Hatukusema kwamba wema huzaa daktari. Hadithi ambayo miaka mitatu mfululizo ilimficha mteja kipimo cha huruma, mwishoni inamwonyesha msomaji risiti. Nami ningempenda zaidi yule mdogo kama angerudi na aproni, mikono ina unga, akaomba kazi.

Jambo la pili: soba yenyewe hatuonjeshwi. Watoto wanasema tamu, na sisi tunaambiwa tuamini. Mchuzi wake una nini? Tambi zilikatika vizuri mdomoni au zilikuwa uji? Mwandishi haoni haja. Kwake bakuli ni chombo cha kubebea machozi, na kingeweza kuwa chombo chochote. Walimu wetu wa fasihi sekondari walitufundisha kugawa kila kazi katika fani na maudhui, huku maudhui, huku fani, mstari katikati ya ukurasa. Hadithi hii ni mtihani mzuri wa mstari huo: ukijaza upande wa maudhui utaishiwa karatasi, upande wa fani utabaki unatafuna kalamu.

Ndiyo sababu nawapeleka sasa kwenye Tampopo.

Filamu hii Itami aliitania kwamba ni filamu ya kauboi ya tambi, na kweli imetengenezwa kama zile za kauboi tulizozikuta kwenye vibanda vya video. Mwanamume mwenye kofia anafika kwenye duka la mjane, anapigana, anamsaidia, anaondoka zake. Ila badala ya farasi ana lori, na badala ya bastola kuna sufuria la supu. Dereva anaitwa Goro. Msaidizi wake, Gun, ni Watanabe Ken kabla dunia haijamjua. Mjane ni Tampopo, jina ambalo ni la ua dogo la manjano linaloota ovyo hata penye mawe, na anachezwa na Miyamoto Nobuko, mke wa Itami mwenyewe. Anauza rameni. Rameni si soba. Tambi zake ni za ngano, asili yake China, na supu yake huchemshwa kwa mifupa na mboga kwa saa nyingi.

Waandishi wenzangu, angalieni kisa cha filamu kinavyoanza. Gun yuko ndani ya lori anasoma kitabu kwa sauti. Katika kitabu, mzee mmoja anamfundisha kijana kula rameni: kwanza litazame bakuli zima, vuta mvuke wake, gusa kipande cha nyama kwa vijiti kama unayemwomba radhi, kiweke pembeni kwa ahadi kwamba mtaonana baadaye kidogo, halafu anza na tambi. Inachekesha mno. Lakini kilichotokea ni nini? Madereva wamesikia njaa kwa sababu ya maandishi! Wanasimamisha lori kwenye duka la kwanza wanaloliona, na hadithi yote inatokana na hapo. Sijaona popote sifa kubwa kuliko hiyo kwa kalamu.

Duka wanaloingia ni bovu. Tampopo ana moyo safi, anajitahidi, ana mtoto anayeonewa na wenzake, mume amekufa. Kwa mizani ya hadithi ya kwanza, huyu ni mtu wa kuhurumiwa. Asubuhi anamwuliza Goro kuhusu tambi zake. Goro angeweza kumfariji. Anamwambia ukweli: nia njema imo, nguvu haimo. Na yule mama, badala ya kulia au kununa, anaomba afundishwe.

Kisha inakuja shule yenyewe. Anakimbia barabarani kupata pumzi. Ananyanyua masufuria. Anapelekwa kwenye maduka ya washindani akatazame: huyu mpishi anapoteza nyendo bure, yule hapotezi. Anafundishwa kumsoma mteja tangu anapoingia mlangoni. Ana haraka? Ana njaa kweli au amekunywa? Ni mgeni au ni mzoefu? Anafundishwa kuangalia mabakuli yanaporudi, maana mdomo wa mteja unaweza kudanganya kwa adabu, lakini supu iliyobaki haidanganyi.

Mtihani wa mwisho naufikiria kila siku. Duka limekarabatiwa, sasa linaitwa kwa jina lake. Wanaume watano waliomsaidia wamekaa kwenye kaunta. Anawapakulia. Hakuna anayesema kitu. Zinasikika tambi zikivutwa mdomoni tu, maana Japani kuvuta tambi kwa sauti si ukosefu wa adabu. Yeye amesimama anawatazama, hana la kufanya tena. Kisha mmoja ananyanyua bakuli, analiinamisha usoni, anamaliza supu. Wa pili. Wa tatu. Mpaka wa tano. Machozi yanamtoka Tampopo, na mimi yakanitoka. Hakuna aliyekufa pale, hakuna deni, hakuna muhuri wa kisa cha kweli. Mabakuli matano matupu, basi.

Sasa ulinganisho. Duka la kwanza linatufundisha huruma, la pili ufundi, na wengi mtakimbilia kuniuliza lipi bora. Subirini. Tampopo nayo ina tundu lake. Wanaume watano wanamfundisha mwanamke mmoja kazi ya jikoni, na mpaka mwisho ni wao wanaokaa kwenye kiti cha hakimu. Dada mmoja wa kijiweni kwetu alipoiona alisema, "Hawa kaka zako hata kuosha vyombo hatujawaona." Kweli tupu. Pia wateja wa Itami wote ni mabingwa, hata wale mafukara wasio na makazi wanajua vyakula vya Kifaransa na mvinyo kuliko matajiri. Hilo linachekesha na lina heshima ndani yake, lakini simwoni yule mteja anayehesabu sarafu mlangoni. Mama wa bakuli moja angeingia kwa Tampopo angepata supu bora duniani, na pengine fungu moja kamili, si fungu na nusu.

Lakini kuna tukio moja ambapo Itami anafika kule Kuri alikotaka kufika. Mama mmoja yuko mahututi chumbani. Mumewe anakimbia kutoka kazini, anamkuta anakata roho, watoto wamemzunguka. Hajui afanye nini, basi anamwamuru aamke apike. Na mama anaamka! Anakwenda jikoni anakatakata, anakaanga wali, anauleta mezani, anawatazama wanakula, anatabasamu, anaanguka amekufa. Baba anawakaripia watoto huku analia: kuleni, kuleni ungali wa moto. Dakika chache tu. Hatujaambiwa jina la yule mama wala kisa chake. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni. Huruma na ufundi vimeingia sufuria moja na huwezi kuvichora mstari katikati.

Nisije nikawadanganya kwamba kila duka la tambi Japani ni kanisa. Katika maduka mengi ya rameni unanunua tikiti kwenye mashine karibu na mlango, unamkabidhi mpishi, unakula, unaondoka kumpisha mwenzako. Bakshishi hawana desturi nayo. Kuna kampuni iitwayo Ichiran ambayo imekwenda mbali zaidi: mteja anakaa peke yake kwenye kijisehemu chenye kuta mbili za mbao, anajaza karatasi kuchagua ugumu wa tambi na uzito wa supu, bakuli linapitishwa kwenye dirisha dogo na pazia linashushwa. Uso wa mhudumu huuoni. Nilipojua habari hiyo mara ya kwanza nikasema huu ni ukatili. Baadaye nikafikiri tena. Pale hakuna mtu wa kukutazama viatu. Hakuna wa kutangaza. Mtu aliyewahi kuchekwa na meza zote angeweza kulipenda lile pazia. Ila yule mtoto wa insha asingepata sauti yake.

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko kunakoniuma.

Mimi nina mswada. Wenzangu wa kijiweni wanaujua. Ni riwaya kuhusu mama mjane anayeuza vitumbua ili mwanawe amalize shule. Nilipowasomea sura ya tatu, watu walifuta macho. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajiona niko dukani, jina langu juu ya jalada. Mjomba akaniuliza lini nitatafuta kazi, nikamwonea huruma kwamba hajui mimi ni nani.

Kisha nikaenda kumsaidia shangazi yangu, ambaye ni mama ntilie. Kazi yangu kuosha vyombo. Ukiosha vyombo siku sita utajua kitu ambacho hakuna darasa la uhakiki litakufundisha. Wateja wote wanamwambia shangazi, "Asante mama, leo umetuweza." Lakini mimi nazipokea sahani. Siku maharage yalipounguza kidogo, walisema asante vile vile, na sahani zikarudi na maharage. Shangazi hasikilizi asante. Anakuja kwenye beseni langu anaangalia, anarudi jikoni bila neno, na kesho yake anabadilisha kitu.

Nikaukumbuka mswada wangu. Wale waliofuta macho, walilia kwa ajili ya sentensi zangu, au kwa sababu wanajua mama yangu anauza vitumbua kweli? Nilikuwa nimewapigia muhuri wa kisa cha kweli bila kuutamka. Nikaisoma upya sura ya tatu usiku, peke yangu, kama mteja asiyenijua. Mama ndani yake hana kosa hata moja. Hakasiriki, hasahau, hadanganyi bei. Na vitumbua! Kurasa arobaini za vitumbua na hakuna hata kimoja kinachonukia hiliki. Mwishoni mwanawe anakuwa nani? Daktari. Nilicheka peke yangu gizani, kicheko cha mtu aliyenaswa.

Kwa hiyo haya niliyomlaumu Kuri Ryohei nimejilaumu mimi kwanza, na sina haki ya kumcheka. Yeye angalau ana lile nusu fungu. Mimi bado sijapata la kwangu.

Na hapa niliseme jambo la kijiwe chetu, washikaji, msininunie. Tuna tabia mbili za kuhakikiana. Kuna wanaosema "poa sana mwanangu" kwa kila kitu, ndio wateja wa asante. Na kuna wale wa kutangaza kosa la mtu mbele ya meza zote, kama yule mhudumu wa chipsi. Wa kwanza wanatuacha na supu mbovu. Wa pili wamewahi kumfanya kijana mmoja, mwenye kipaji kuliko mimi, asirudi tena Jumamosi, na daftari lake hatujui liko wapi. Goro alimwambia Tampopo ukweli, lakini aliusema nyumbani kwake, mbele ya chai ya asubuhi, kisha akabaki kumfundisha. Mwenye duka la Sapporo aliona upungufu wa mteja, akauziba bila kumwita mtu ashuhudie. Nikichanganya hao wawili napata mhakiki ninayemtaka: mkali wa supu, msiri wa aibu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee. Mimi ninaongeza kwamba chema nacho huanza kibaya, na kinahitaji mtu wa kukionja bila kukitemea.

Nimeifuta sura ya tatu. Sura ya kwanza na ya pili bado zipo. Mama wa riwaya sasa ana hasira za asubuhi, na kuna siku moja anamwuzia mteja vitumbua vya jana huku akijua. Mwanawe ameona na amenyamaza. Sijui bado atakuwa nani mwishoni, lakini udaktari nimemnyima. Jumamosi nitaisoma. Ombi langu ni moja: mkishasikiliza, msiniambie asante. Mwambieni mwenye zamu akusanye karatasi mlizopewa, niziangalie zilivyorudi.